Muuza Spana na Nati ya Chini ya Tangi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufungua nati ya chini ya tangi la kompresa kwa spana malaya. Nalitaja mapema kwa sababu nililificha miezi minane, na mtu ninayetaka kumweleza hapa alikuwa akiniuliza habari zake karibu kila wiki bila kujua anauliza nini.

Kwa asiyeijua, spana malaya ni ile yenye taya mbili na skrubu ndogo ya kuzungusha kwa kidole gumba. Inatanuka na kubana, kwa hiyo inaingia kila nati. Ndiyo spana ya kwanza ya mtu asiyeweza kununua spana nyingi. Mimi nilikuwa nimejikakamua kununua kompresa ndogo ya mtumba ili nipulizie rangi vitanda na makabati uani kwa mama, mtaa wa Pasiansi, Mwanza. Ufundi nilijifunza kwenye simu. Video zilisema kompresa hukusanya maji tumboni, na maji hayo hutolewa kwa kufungua nati ya chini kila ukimaliza kazi. Nikalala chali, nikaiweka spana, nikavuta. Taya zikateleza. Nikavuta tena kwa hasira, zikateleza tena, na nilipomulika kwa tochi ile nati ya kona sita ilikuwa duara kama kifungo cha shati.

Mtu mwingine angemwita fundi. Mimi nikikosea herufi moja huandika ukurasa mzima upya, kisha nauchana wa kwanza vipande vidogo ili asiuone mtu. Niliifuta kompresa vumbi, nikaisogeza hadi kwenye ukuta wa jiko la mama, na alipouliza nikamwambia iko sawa kabisa.

Wiki ileile nilikwenda Kirumba kutafuta spana nzuri, kwa matumaini kwamba spana nzuri ingefuta dhambi ya spana mbaya. Ndipo nilipomkuta Muuza Spana.

Alikuwa ametandaza turubai la buluu kando ya njia iendayo Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaona soko. Juu ya turubai kulikuwa na vifaa vya mtumba vimepangwa kwa ukubwa: nyundo, tupa, plaizi, misumeno, spana za kila namba. Nyuma yake kibao cha mbao kimeandikwa kwa rangi nyekundu VIFAA IMALA. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kwa kuwa mimi ni mgonjwa wa mambo haya, nilimwambia kwa adabu kwamba neno sahihi ni imara.

Akanitazama kuanzia viatu.

"Umekuja kununua nyundo au kunipa imla?"

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Kibao hakikurekebishwa. Alipokipaka rangi upya baada ya mvua, aliandika IMALA kubwa zaidi.

Tabia yake kubwa, ambayo sijaiona kwa mfanyabiashara mwingine yeyote, ilikuwa kukataa kuuza. Ukimwomba bisibisi, alitaka kujua unakwenda kufungua nini. Ukijibu "vitu vya nyumbani tu", umeshindwa mtihani. Nilimwona akimnyang'anya mwalimu mmoja mtu mzima bisibisi aliyokwisha kuilipia, kwa sababu mwalimu alitamka kwamba itamfaa pia kubandulia kopo la rangi. Alimrudishia pesa yake na kumwelekeza akanunue kijiko. Mwalimu aliondoka akitukana kwa Kiswahili sanifu.

Sikuelewa anakula nini. Alizungumza na kila mteja kana kwamba mteja amekuja kuposa, na yeye ndiye baba wa binti. Nyundo hakuitoa mpaka uishike kwenye mwisho wa mpini, unyooshe mkono, na ukae hivyo hadi mkono utetemeke, maana nyundo ya nyumbani, alisema, lazima iwe ile ambayo mkono wako unaiweza ukiwa umechoka, si ile inayokupendeza asubuhi. Plaizi aliifunga na kuielekeza kwenye jua: mwanga ukipenya katikati ya meno, hiyo ilikuwa ya kung'olea mihogo. Spana aliining'iniza kwa uzi na kuigonga kwa msumari akisikiliza. Nzuri ililia muda mrefu. Mbaya ilisema "ko" na kunyamaza. Sikupata kujua kama jambo hilo lina ukweli wowote. Nimejaribu nyumbani na spana thelathini na moja, na zote zimelia.

Mimi alinipa jina la Fundi Simu, kwa kuwa ufundi wangu ulitoka kwenye simu. Aliniita hivyo kwa sauti ya kutangazia mnada. Matokeo yake ni kwamba akina mama wa Mwaloni walianza kuniletea simu zao zilizopasuka vioo, na mmoja alinikasirikia kweli nilipomwambia siwezi. Aliamini ninamringia kwa sababu mikono yake inanuka samaki. Muuza Spana alisikiliza ugomvi wote huo akifuta tupa, kisha akamshauri mama huyo anibane, kwamba huwa najivunga.

Ubaya ni kwamba alikuwa sahihi mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nilimpelekea kwa fahari boksi langu la vipande mia, nililolinunua katika duka kubwa la mjini, jekundu, kila soketi katika kitanda chake. Nililipenda boksi lile kuliko nguo zangu. Alilifungua, akalitazama, akaniuliza ni vipande vingapi nimekwisha kuvitumia. Nilihesabu kwa uaminifu, vikafika vinne.

"Hao tisini na sita umewaoa wa nini?"

Kisha alichukua soketi ya namba kumi na tatu, akaibana kwenye jiliwa lake dogo na kuikaza kidogo tu, ikapasuka kama ganda la karanga. Hakuomba radhi. Alinipa badala yake spana ringi moja ya kumi na tatu, kuukuu, ya kona sita ndani, na kunieleza kwamba nati iliyozeeka inataka kushikwa pande zote kwa pamoja, si kubanwa mashavu mawili. Alisema mwenye pesa kidogo anunue spana anapoihitaji, moja baada ya nyingine, na baada ya mwaka atajua yeye ni fundi wa kazi gani.

Niliposikia habari za mashavu mawili niliikumbuka nati yangu. Hapo ndipo ningesema. Lakini kulikuwa na kikwazo cha neno.

Muuza Spana alikuwa mzee wa kanisa, na hakutamka "spana malaya". Hakuna fundi Mwanza anayeiita kwa jina lingine, lakini yeye aliiita "ile isiyo na namba". Mteja akija kuiulizia kwa jina lake, alijifanya hasikii, na mteja akiongeza sauti, alianza kupanga nyundo. Wauza dagaa walilijua hilo, na wakipita na beseni zao walimuuliza kwa sauti malaya wake leo ni bei gani. Mara moja tu alimjibu mtu. Alimwambia dada mmoja kwamba pale wanauza spana, hao wengine aulizie nyumbani kwake. Soko lilicheka, naye Jumapili ile, nilivyosikia, alikwenda kukaa benchi la nyuma.

Basi ningesemaje? Kukiri kosa ni kazi ngumu, na kukiri kosa ambalo jina lake limepigwa marufuku ni ngumu zaidi. Huo ndio udhuru niliojipa. Nilikuwa na nyingine nyingi.

Kuhusu vifaa vya upepo alikuwa na dini kamili. Hakuwa na kompresa pale kwenye turubai, lakini aliwahi kufanya kazi na kubwa, na alizungumza juu yake kama mtu anavyomzungumzia mke wa kwanza. Mashine ndogo ya upepo, ile ya kufungulia nati au ya kupigia misumari, alifundisha kuipa tone la mafuta mepesi mdomoni kabla ya kuiunganisha na mpira. "Mpe chai kabla hujamtuma," alisema. Mpira wa upepo usikunjwe kama kamba ya mbuzi, uzungushwe. Bunduki ya rangi ioshwe kabla hujaenda kula, hata kama ni ugali wa sikukuu. Na juu ya yote, maji. Alisema upepo wa Mwanza ukiuvuta unakuja na ziwa lake, na mtu wa Pasiansi anayeishi karibu na maji asijilinganishe na mtu wa Shinyanga.

Kwa hiyo kila nilipofika, baada ya salamu, swali lilikuwa hilo.

"Fundi Simu, tangi umelitoa maji?"

"Ndiyo, mzee."

Nilijibu hivyo kwa miezi minane. Nilijibu vizuri, kwa unyenyekevu, kama mtoto aliyekariri. Wakati huo kompresa yangu ilikuwa safi kuliko yoyote wilayani Ilemela. Nilikuwa nimeipaka rangi upya ya buluu, nikaandika namba zake kwa kalamu ya mkono, nikaifunika kwa kitambaa alichokidarizi mama mwenyewe akidhani ninaitunza. Ndani yake maji yalikuwa yakicheza. Nikiitikisa niliyasikia. Vitanda vyangu vilianza kutoka na vipele kwenye rangi, kwa sababu upepo ulitoka na matone, nami nilivipiga msasa na kuvipaka tena mara tatu, nne, nikiwaambia wateja kwamba mimi sitoi kazi nusu nusu. Walinisifu kwa hilo.

Nilijua hatari yake. Video zilezile zilinionyesha tangi lililooza kwa ndani likapasuka, na karakana iliyobaki ukuta mmoja. Mama alipikia upande wa pili wa ukuta wangu. Kila nilipoiwasha, geji ikianza kupanda, nilibuni sababu ya kumtuma dukani: chumvi, kiberiti, vocha. Nyumba yetu ilikuwa na viberiti vya kutosha kuchoma mji. Hata hivyo sikuizima, kwa sababu kuizima kungetaka maelezo.

Nisimfanye mtakatifu mtu huyu kwa ajili ya aibu yangu. Alihubiri kwamba chombo hakifi kazini, hufia nyumbani kwa kutotunzwa, na alifuta kila spana kwa kitambaa chenye oili kabla ya kufunga. Lakini kufuli ya sanduku lake ilikuwa na kutu hata aliifungua kwa kuipiga jiwe, kila asubuhi, mbele ya watu. Alisema kifaa hakiazimishwi, kwamba aliyeazima hutunza kama aliyeokota. Msumeno wangu wa chuma aliuazima siku ya Jumanne kwa nusu saa, na nasema hivi leo nikiwa na msumeno mwingine. Aliwahi pia kuniuzia tupa yenye upara, isiyoweza kula hata mkate, na nilipoirudisha alidai tupa iko sawa ila mimi nina haraka. Na alijua kila kitu. Hakuna siku alisema "hilo silijui". Alipokosa jibu alikohoa kwa muda mrefu hadi swali likaona haya likaondoka.

Siku aliyokuja Pasiansi hakualikwa. Kulikuwa na harusi ya muumini mwenzake mtaa wa jirani, akafika mapema mno, kama kawaida ya wazee wa kanisa, akaona apite kuona karakana ya Fundi Simu. Alikuwa na koti jeusi na viatu vya kung'aa. Mama alimkaribisha kwa furaha, maana nilimsimulia habari zake nyingi, akakimbilia ndani kuandaa chai. Mimi nilikuwa napulizia kabati. Kompresa ilikuwa inajaza.

Aliitazama ile rangi ya buluu na kile kitambaa cha darizi. Akasema imependeza kama bibi harusi. Halafu akainua koti lake kwa nyuma, akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya harusi, akapitisha mkono chini ya tangi.

Mkono ukakaa pale. Vidole vyake vilikuwa vinaizunguka nati, vikitafuta kona.

"Zima."

Nikazima. Akaniambia nitoe upepo wote kwa juu, polepole, nami nikavuta vali, upepo ukatoka kwa kelele hadi ukaisha. Kelele ile ilipoisha, mama alikuwa ametokea mlangoni na chupa ya chai na vikombe. Muuza Spana, bado amepiga goti, aliinua uso akaniuliza kwa sauti ya chini lakini iliyosikika vizuri sana:

"Ulitumia malaya?"

Vikombe viliteleza kwenye sinia. Mama alimtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye tena.

"Mwanangu ametumia nini?"

Ningeweza kucheka, na leo nacheka. Wakati ule nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo, nilitumia, mara moja tu, mwezi wa kwanza, na tangu siku hiyo nimeshindwa kumwambia mtu. Kila sentensi niliyoongeza ilizidisha ubaya. Mama aliweka sinia chini na kukaa juu ya ndoo. Ikabidi mzee wa kanisa, akiwa amevaa kwa ajili ya harusi, amweleze mama yangu spana malaya ni kitu gani, na alilitamka neno hilo mara nne au tano, akitumia mikono kuonyesha taya zinavyotanuka, hadi mama akapata pumzi.

Kisha akaniomba bisibisi. Nilimpa. Aligonga tumbo la tangi taratibu kwa mpini, kuanzia juu akishuka, nalo lililia vizuri hadi karibu na chini, ambapo lilianza kunong'ona. Pale akageuza bisibisi na kuisukuma kwa kiganja. Hakutumia nyundo. Chuma kiliingia kama kwenye papai lililoiva, na maji mekundu ya kutu yakatoka kwa mkondo mwembamba, yakatiririka hadi kwenye beseni la nguo ambazo mama alikuwa ameziloweka, hatua moja na nusu kutoka hapo.

Hakuna aliyeokota beseni. Mama alikuwa akipima kwa macho kutoka kwenye lile tundu hadi kwenye jiko lake. Nafikiri ndipo alipoelewa habari za viberiti.

Nilianza kusema litachomelewa, kwamba namjua mchomeleaji mzuri sana. Muuza Spana alitikisa kichwa. Tangi la upepo lililooza halichomelewi, alisema, kwa sababu ukiziba tundu moja umeacha mia zisizoonekana. Akaongeza matundu mengine mawili kwa bisibisi ileile, makusudi, ili nisishawishike kuliuza kwa mjinga mwingine. Nilisimama namtazama akiitoboa rangi yangu ya buluu, nikawa nalia. Bado najiuliza kama nililia kwa woga au kwa ajili ya ile rangi.

Alipomaliza alijifuta goti, likabaki na doa jekundu la kutu. Nilitegemea mzaha. Alikuwa na haki ya kunitania mwaka mzima.

"Ungeniletea siku ileile," alisema, "ningekucheka mpaka jioni. Halafu ningekufungulia."

Akanywa chai yake yote, akamshukuru mama, akaenda harusini na doa lake.

Sikwenda Kirumba kwa wiki nyingi baada ya hapo. Nilipokwenda, turubai halikuwepo. Wauza dagaa waliniambia macho yamemsumbua na binti yake amemchukua ng'ambo, upande wa Sengerema. Dada mmoja alisema siku hizi hapo pamepooza, hakuna wa kumuudhi.

Nilimwona mara moja zaidi, mwaka juzi, Busisi, tukisubiri kivuko cha kurudi upande wa Mwanza. Nilikuwa nimebeba mlango wa kabati uliofungwa kwa blanketi, natoka nao kwa mteja wa hapo, nikivuka nao kwa mara ya pili siku hiyo. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi na mjukuu wa kike, msichana mkubwa, aliyekuwa akimpeleka hospitali mjini. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia na kutaja jina langu halisi, akalifikiria, hakulijua. Nikasema ni Fundi Simu. Akaitikia marahaba na kusogea nipate nafasi.

Aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni mlango wa kabati, nimeukata mfupi kwa kidole kizima, nimepima jana kwa futi iliyopinda ncha, nimeupaka rangi nzuri sana, na mteja ameniona nikiujaribu mbele ya wageni wake.

Alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka hadi mjukuu akamshika bega, hadi watu wa foleni wakageuka kunitafuta mimi ni nani. Alikohoa, akajifuta macho, akaanza tena. Halafu akaupapasa mlango kupitia blanketi, pembe hadi pembe, akanishauri niuongezee kipande chini kwa gundi na misumari midogo, hakuna atakayejua.

Nikamwambia hapana, mzee, kipande kitaonekana na kitaachia mvua zikianza. Nitatengeneza mwingine, na nimeshamwambia mwenye kabati hivyo.

Akakohoa, kikohozi kile kirefu, nami nikasubiri kiishe. Kilipoisha akasema labda. Kivuko kikatia nanga, mjukuu akamwinua, nikawatangulia kuwafungulia njia kwa mlango wangu mfupi.

Kompresa niliyo nayo sasa si nzuri kuiangalia. Natoa maji kila ninapomaliza kazi, kwa spana ringi ya namba yake, na nikiharibu kazi ya mtu nampigia simu siku hiyohiyo. Mama hatumwi tena dukani.